Jina la Mtumwa Mpya

Antikrate alijifuta mafuta ya samaki vidoleni kwa bonge la mkate, akawatupia mbwa, kisha kwa kidole hichohicho akamwonyesha mtumwa mpya.

"Mwangalieni. Atakayempa jina zuri, ni wake."

Wageni wakacheka, wamejilaza kwenye vitanda vya karamu. Ndivyo Antikrate alivyofundisha falsafa pale Athene, akishashiba. Alishikilia kwamba jina ni mapatano tu ya watu, na ili kuthibitisha aliwabadilishia watumwa wake majina kila alipoyachoka. Bawabu aliitwa Kijiko. Bibi kizee aliyemtumikia tangu ujanani sasa alikuwa Pipa. Inatia kichefuchefu, mtu kuwageuza wenzake mifano ya somo, tena mdomo umejaa samaki.

Mtumwa mpya, mwanamke mzima, alisimama mbele yao. Alilelewa na mfinyanzi mmoja nje ya lango la mji. Mfinyanzi alipokufa, warithi wakampeleka sokoni.

"Mimi namwita Vumbi," alisema Mnasipo, mwenye machimbo ya fedha. "Kwangu ndilo atakalokula."

Kila mtu alijua kwamba wanawake wanaosaga mawe ya Mnasipo hawaishi sana. Walicheka vilevile. Pipa akaacha kumimina divai.

"Jina halipachikwi ovyo, ndugu yangu," alipinga Theotele, mgeni mzee kuliko wote. "Binti zako wawili uliwainua humu humu siku ya kumi baada ya kuzaliwa, ukawataja majina, sisi tukala. Baba akitamka, mtoto anakuwa mtu."

"Na asipotamka?"

"Anatupwa, unajua."

"Basi umenisaidia hoja. Yote ni mdomo tu." Antikrate akapiga mbweu. "Vumbi limeshinda. Mnasipo, ondoka naye."

"Hata kama," alisema Theotele. "Huyu lazima ana jina lake la kweli."

"King'ang'anizi wewe. Haya, Pipa, si unashinda huko kwa wafinyanzi? Jina lake la kweli nani huyu?"

Bibi aliweka mtungi chini, akamtazama bwana wake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka mingi.

"Hana, bwana. Siku ya kumi ulikataa kumpa. Ulisema binti wa tatu wa nini, ukanituma nikamtupe, nami nikampelekea mfinyanzi."