Taa ya Utelezi

Tangu Shekue arudi na pikapu yake kutoka safari ya bara, taa ya njano mbele ya usukani, yenye picha ya gari linaloteleza, ilikuwa haizimi. Fundi wake ni mkewe, Mwanakombo, na hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa pikapu ile. Mwanakombo akajilaza chini, akamulika gurudumu la nyuma. Waya mwembamba unaopeleka habari za gurudumu kwenye taa ile ulikuwa umekatika, na mtu ameuunga kwa uzi mweusi wa kusukia nywele, nyuzi tatu zimesukwa vizuri kama kichwa cha bibi harusi.

Wivu ukampanda, akauliza kutoka chini ya gari:

“Nani kaufunga waya huu?”

“Mimi mwenyewe, mke wangu. Ulikatikia njiani.”

“Na kusuka ulijulia wapi?”

“Ah, uzi tu huo!”

Mwanakombo akaufumua ule uzi, akatoka chini ya gari, akafuta mikono. Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akaketi juu ya tairi kuukuu, akampa mumewe mgongo pamoja na zile nyuzi tatu.

“Haya, nisuke.”

Shekue akasimama nyuma yake, nyuzi zikimning'inia vidoleni, asijue aanze na upi.