Yakuti ya Bibi

"Haya dada, hii ndiyo haki yako," mjomba alisema, akamvika mama pete ya marehemu bibi mbele ya ukoo mzima.

Mama, aliyemuuguza bibi miaka sita, alibubujikwa na machozi. Nilimshika kidole, nikaipumulia ile yakuti nyekundu. Jiwe halisi hufuta ukungu papo hapo. Hili lilibaki na ukungu kama kioo cha dirisha.

Kisha nikaona pembe moja imechongwa kwa kina zaidi kuliko nyingine. Hiyo ni alama ya mkono wangu wa kushoto! Mwezi uliopita, kwenye karakana ya vito ninakofanya kazi, bosi alinipa kioo chekundu nikichonge, na vipimo tu: mteja anataka mfano wa jiwe la kale.

"Mjomba, yakuti ya bibi iko wapi?"

"Si hiyo hapo? We mtoto, cheti cha uchongaji vito kimekupanda kichwani!"

Watu wakaangua kicheko. Nilichomoa tupa ya chuma mkobani.

"Basi niikwaruze. Yakuti halisi haisikii chuma."

"Usiguse!" Mjomba aliruka kitini. "Utaiharibu!"

Kicheko kilikatika. Mama aliivua pete, akaniwekea kiganjani.

"Kwaruza," alisema, macho yake yakiwa kwa kaka yake.