Cheti cha Mkunga

Tangu sheria ile ianze, mtoto akirudia darasa na hivyo kuchelewa kumaliza kidato cha nne, cheti cha kazi cha mzazi wake kinafutwa siku hiyohiyo. Skolastika Mapunda alikuwa amefanya kazi ya ukunga miaka kumi na tisa, na binti yake Konsolata, wa kidato cha kwanza, alikwisha kufeli hesabu mara mbili. Basi kila jioni mama alimfungia sebuleni na vitabu. Hata kwaya alimwachisha.

"Nakusaidia, mwanangu," alisema, akimchapa vidole kwa rula. "Rudia."

Konsolata hakurudia. Alifunika daftari taratibu, akamtazama mama yake usoni.

"Mama, mimi nikifeli nitarudia mwaka. Wewe ukifutiwa cheti utafanya nini?"

Skolastika aliinua mkono ampige kofi. Mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha.

"Leo sisomi," binti alisema. "Nina njaa."

Mama akaenda jikoni, akawasha jiko. Kisha akajisikia akiuliza, kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kumwonyesha mtoto, kama angependa wali au ugali.

"Wali," Konsolata alisema. "Na kesho narudi kwenye kwaya."