Bledi Isiyolia

"Unanunua bledi au kengele?" Yatin, mwenye duka hapa Chanika, alinicheka nilipoitundika kidoleni bledi mpya, lile jiwe la duara la kukatia chuma, na kuigonga kwa ufunguo.

"Mpaka iniimbie, bosi. Kidole kimoja nilishazilisha bledi hizi, sina cha akiba."

Bledi nzima hulia ngiii. Hii ilitoa sauti butu, kama sufuria yenye ufa. Ya namna hii, mashine ikiizungusha, hupasuka na kuruka vipande usoni.

Nikagonga ya pili. Nayo butu.

Yatin akaacha kucheka. "Boksi lote lilianguka toka kwenye gari. Mkeo hakukwambia? Kachukua moja ya humo sasa hivi, kaenda kuifunga."

Ng'ambo ya barabara, kwenye karakana yetu, mashine ya kukatia fremu ikaanza kunguruma.