Upande wa Wafiwa

Mheshimiwa Kisandu alishinda ubunge mara nne kwa kwenda misibani. Kura za maoni zilikuwa zimekaribia tena. Aliposhuka garini kwenye msiba wa siku hiyo, miguu ilimpeleka yenyewe hadi kwenye viti vya wageni, akakaa, akafumba macho kidogo. Mwongoza shughuli alipomwita, akainuka kwa kujikongoja, akapokea kipaza sauti.

"Ndugu wafiwa," alianza kwa ile sauti nzito iliyozoeleka, "nimekuja kuwapa pole. Marehemu nilimfahamu vizuri. Alikuwa mtu wa watu."

Waombolezaji wakainamisha vichwa. Hakuna aliyecheka.

Dada yake, Nyamizi, akainuka mkekani, akaja kumshika kiwiko.

"Kaka, mama yetu huyo," alinong'ona. "Leo mfiwa ni wewe. Njoo ukae huku kwetu."

Kisandu akalitazama jeneza kana kwamba ndiyo kwanza limeletwa. Akamfuata dada yake, akavua viatu, akakaa chini. Kipaza sauti alikuwa bado amekishika kifuani, waya umeburuzika nyuma yake mchangani. Spika zilizofungwa juu ya paa zikaanza kuutangazia mji mzima jinsi alivyokuwa anahema.