Waya wa Kioo

Shule ya viziwi ilikuwa na kompyuta moja tu, yenye mfumo wa Linux, na asubuhi hiyo Mwalimu Shelukindo alikuwa ameifungua kifuniko. Ndani yake kulikuwa na masomo ya lugha ya ishara aliyorekodi Mwalimu Nambua kwa miezi sita, lakini video zilikwamakwama na ishara zikapotea njiani. Shelukindo akachomeka kadi mpya ya picha ili video zisikwame tena, akakaza skrubu, akawasha.

Kioo cha kompyuta kikabaki cheusi.

Akazima, akawasha tena. Giza lile lile. Hakujua atamwambia nini Nambua.

Nambua, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa ameshaingia. Akachungulia nyuma ya mashine, kisha akamgusa bega.

“Waya wa kioo umeuacha kwenye tundu la zamani,” akamwambia kwa ishara. “Uhamishie kwenye kadi.”

Akauhamisha. Kioo kikawaka, na Shelukindo akashusha pumzi ndefu. Alipojaribu kumshukuru kwa ishara, vidole vilikosea, akaanza upya.

“Leo mikono yako ina kigugumizi,” Nambua akamtania.

Wakafungua somo moja. Kwenye kioo Nambua aliinua mikono juu, na vidole vikaanza kushuka taratibu, bila kukatika, vikiwa ishara ya mvua inayonyesha.