Mwanafunzi wa Deodatha

Deodatha alisoma karatasi ya matokeo ubaoni, akapangusa macho kwa mkono wa sweta, akasoma tena. Fizikia, Kidato cha Tatu, muhula wa kwanza. Yeye: sitini na mbili. Costansia Niyonsenga: tisini na moja.

"Costansia yupi?" aliuliza, kana kwamba darasa lina Costansia wa akiba.

Maana Costansia aliyemjua yeye, yule aliyehamia Januari akitokea Kyerwa na kuketishwa naye dawati moja, alikuwa kichwa cha kufundishwa mara tatu. Kila jioni walikaa nyuma ya jiko la kina Deodatha, huko Nyakasimbi, wakimenya ndizi, Deodatha akifundisha mpaka koo linakauka.

"Haya, kisu chenye makali kinapita, kibutu kinagoma. Kwa nini?"

"Kwa sababu kimenolewa," Costansia alijibu, uso umetulia kama maziwa kwenye kibuyu.

"Wewe! Ni presha! Makali ni eneo dogo, nguvu yote inajazana pale."

"Sijaelewa. Sasa kibutu nikikikandamiza zaidi, si kitapita?"

Hapo Deodatha alikwama, akafungua daftari, akahangaika, akaeleza upya kwa mawe, kwa ndizi, kwa jembe la mama yake. Maswali ya binti huyu hayakuwa na adabu: yaliangukia palepale ambapo Deodatha mwenyewe alikuwa ameruka.

"Nesi wangu, mwonee huruma mwenzio," mama alisema akipita, huku akicheka.

Nesi. Roho ya Deodatha yote ilikuwa hapo. Lakini unesi hauwataki watu wa sanaa, na shuleni kwao sheria ilikuwa moja: asiyefikisha arobaini na tano ya fizikia mwisho wa mwaka anatolewa sayansi. Kidato cha Pili alikuwa amepita kwa arobaini na sita, tena kwa maombi.

Na sasa mjinga wake ana tisini na moja!

Alimkuta bombani.

"Kwa hiyo ulikuwa unanichezea?"

"Deo, hebu nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Nimekufundisha mpaka sauti imekuwa ya jogoo mgonjwa, kumbe yote unayajua! Ulikuwa unanipotezea muda nibaki nyuma yako. Ungesema tu unataka kuwa wa kwanza, dada, ningekupisha njia."

Costansia alifunga bomba. Akajitwika ndoo.

"Na kwetu usije tena. Ndizi tutamenya wenyewe."

Hakuja. Deodatha alihamia dawati la mbele. Muhula wa pili alisoma peke yake, kimya, kama alivyodhani wenye akili wanavyosoma. Hakuna wa kumkatiza, hakuna wa kumrudisha nyuma. Kurasa zilipita mbio. Alimaliza kitabu kizima na kukirudia. Mama alipouliza yule mwenzake yuko wapi, alijibu, "Kupe nimeshambandua."

Mwisho wa mwaka alipata thelathini na nane.

Jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha ya wanaokwenda sanaa. Alimfuata Mwalimu Mutalemwa wa fizikia, machozi yakimtangulia.

"Shikamoo, mwalimu. Mwalimu, si mimi, ni Costansia. Alinilia muhula mzima kwa ujinga wake wa uongo. Nilikuja kushtuka nimeshachelewa."

"Marahaba." Mwalimu alivua miwani. "Kukaa na wewe, unadhani nilimpanga mimi?"

"Sasa nani, mwalimu?"

"Aliomba mwenyewe. Wiki yake ya tatu hapa alinifuata, akaniambia: 'Yule Deodatha akisoma, hakuna kinachobaki, akimweleza mtu, kinakaa. Niweke naye, mwalimu. Mimi kazi yangu itakuwa kutoelewa.'"